Miguu Mitatu Mtaani

Kila mwongozo wa picha za safari utakuambia ubebe tripodi. Wengine wanaiita stendi. Fundi wangu wa kamera pale Kariakoo anaiita "miguu mitatu", na mimi nimelizoea jina lake. Sababu zinazotolewa ni za kiufundi na zote ni za kweli. Jiji kubwa linapendeza zaidi usiku, au kile kipindi kifupi kati ya magharibi na isha, anga bado ina bluu na taa zimeshawaka. Wakati huo mwanga ni mdogo, kwa hiyo lenzi inabidi ikae wazi muda mrefu: nusu sekunde, sekunde 4, sekunde 30. Mkono wa binadamu hauwezi kutulia hivyo, hata pumzi inautikisa. Unaweza kupandisha ISO, sawa, ila picha itajaa chenga kama televisheni ya antena ya zamani. Basi unafungua miguu mitatu, unakaza skrubu, unabonyeza na kutoa mkono, na taa za magari zinageuka kamba ndefu nyekundu na nyeupe. Raha tupu.

Kitu ambacho miongozo hiyo haisemi ni kwamba ukishaifungua hiyo miguu katikati ya jiji, umeanza kuamua nani atabaki kwenye picha na nani atafutika. Na umesimama mahali ambapo watu wanatakiwa kupita. Haya si mambo ya kiufundi hata kidogo, na nimekuwa nikiyatafuna kwa muda sasa.

Nianze na kufutika, maana ndiko upigaji picha wenyewe ulikoanzia. Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake nje ya dirisha, jijini Paris, kwenye barabara inayoitwa Boulevard du Temple. Ulikuwa mtaa wa kumbi za maonyesho, wenye watu na magari ya farasi kutwa. Bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Ukiitazama picha hiyo leo utaona nyumba, miti, vibaraza, na barabara tupu kabisa, kama jiji lililokimbiwa. Watu walikuwepo, ila kila aliyekuwa anatembea alipita haraka kuliko bamba lilivyoweza kumshika.

Isipokuwa kwenye kona ya chini, kushoto, yupo bwana mmoja ameinua mguu, anapigwa kiwi viatu. Ndiyo picha inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza kumwonyesha binadamu. Samuel Morse, yule wa alama za telegrafu, alimtembelea Daguerre mwaka 1839 na kuandika barua kwao Marekani akieleza alichokiona: barabara ambayo kwa kawaida imejaa watu inaonekana haina mtu, ila huyo mmoja wa viatu, na hata yeye buti na miguu ndiyo imetoka vizuri kwa sababu ililazimika kutulia, kiwiliwili na kichwa, vilivyokuwa vinachezacheza, havikushikwa. Angalia sasa nani anatajwa. Anatajwa mteja. Mpiga kiwi mwenyewe, ambaye mikono yake ndiyo iliyomfanya mteja atulie, ni kivuli kilichoinama. Alikuwa kazini, na kazi ni mwendo.

Nilikuwa naijua hadithi hii tangu chuo, kama kichekesho cha kuanzia somo. Haikunigusa mpaka nilipopewa kazi na kampuni moja ya utalii, ambayo jina lake halina umuhimu. Walitaka picha nne za Dar es Salaam kwa ajili ya wageni wanaolala usiku mmoja kabla ya kupanda boti kwenda Zanzibar. Jiji safi, walisema, tulivu, lisilo na fujo. Walitaka Kanisa la Azania Front, Daraja la Tanzanite, Soko la Samaki la Kivukoni, na Sanamu ya Askari pale Posta, peke yake, bila watu.

Bila watu, Posta, mchana! Ukiwaambia wenyeji watacheka. Lakini inawezekana, na njia yenyewe ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Unaweka miguu mitatu, unahakikisha haitikisiki, unapiga picha ishirini au zaidi kwa muda wa robo saa bila kuigusa. Kisha unazipakia kwenye programu ya kompyuta inayozilinganisha nukta kwa nukta na kuchukua kile kinachojitokeza kwenye picha nyingi zaidi. Ni kama kura. Lami imeonekana mara kumi na saba, shati la mpita njia mara moja, lami inashinda. Wanaotembea wote wanashindwa uchaguzi.

Nilipomaliza walibaki watatu. Askari wa shaba mwenyewe, ameinama kidogo mbele, singe ya bunduki yake imeelekea bandarini kama alivyowekwa na Waingereza mwaka 1927. Mlinzi wa benki kwenye kiti chake cha plastiki. Na mzee anayepiga kiwi na kushona viatu, chini ya mwavuli uliofubaa, na sanduku lake la mbao lenye alama ya kukanyagia mguu.

Jibu likaja kwa WhatsApp: "Nzuri sana dada, ila huyo mzee na makorokoro yake mtoe." Mlinzi hakuna aliyemsema. Sikumtoa mzee, nikasema picha ni hiyo, wakalipia tatu badala ya nne. Sijisifu kwa hilo. Robo ya malipo si kifo, na mtu mwenye ada ya shule ya kulipa wiki hiyo angeweza kuamua vingine na nisingemnyooshea kidole. Linalonisumbua ni swali alilonirushia rafiki yangu, mhariri wa video, nilipomsimulia. Alicheka akasema: "Wewe umeshafuta watu mia mbili kwa mkono wako, halafu huyu mmoja ndiyo anakuwa mtakatifu?"

Ni hoja nzuri, na nilichelewa kuijibu. Kwa kompyuta wote ni sawa, ni nukta. Kama ni dhambi kumfuta mpiga kiwi, kwa nini si dhambi kumfuta mwanafunzi wa chuo aliyekatiza na daftari lake, au yule mama aliyekuwa na ndoo ya maandazi? Nao walikuwepo. Nao wana haki yao kwenye lile jiji.

Jibu nililonalo ni hili, na sidai limekamilika. Picha ya sekunde 30, au ya robo saa iliyokusanywa, inasimulia muda, haisimulii tukio moja. Inasema: katika robo saa hii, hivi ndivyo vilivyokaa. Mwanafunzi hakukaa. Picha haisemi kwamba hakuwepo, inasema alipita, na yeye mwenyewe ukimuuliza atakuambia ndiyo, nilipita. Mzee alikaa robo saa yote. Kumtoa yeye ni kuuvunja mkataba pekee ambao picha ya namna hiyo inao na mtazamaji. Watembeao walifutwa na kanuni ambayo haikuwajua. Yeye angefutwa na mtu aliyemwona, akamtambua, akaamua kwamba anachafua mandhari. Mkono unaofanya hivyo ni ule ule hata kama kitufe ni kimoja.

Rafiki yangu hakuridhika. Alisema watazamaji hawaujui huo mkataba, wataona tu mtaa mtupu na kudhani Dar ni Jumapili asubuhi milele. Hapo kuna ukweli. Nitarudi.

Kwanza tuiangalie ile sanamu, kwa sababu yenyewe ilishafanya kazi hiyo hiyo kabla yangu. Wajerumani walikuwa wameweka pale sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Wazee wa mji wakalilainisha jina, na mpaka leo wapo wanaosema "Bismini" wakimaanisha askari yule. Waingereza wakaitoa ya kwao Wajerumani na baadaye wakaweka hii, kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi ya chini yanawataja pia wapagazi, wale maelfu waliobeba mizigo ya jeshi porini. Lakini nani amesimama juu? Askari na bunduki. Wapagazi, ambao kazi yao ilikuwa kutembea tu, siku baada ya siku, jina lao la Kiingereza lilibaki kwenye kambi yao, watu wakalitamka wanavyoweza, likawa Kariakoo. Leo unakwenda kununua nguo kwenye kumbukumbu yao. Askari akapata shaba, wapagazi wakapata soko, na sijui kama ningeulizwa ningechagua kipi. Soko angalau lina watu.

Sasa kusimama.

Jiji halipendi mtu asimame. Limetengenezwa ili upite: njia ya miguu, kivuko, mwendokasi, tembea tafadhali. Mwanamke anajua hili mapema zaidi. Ukisimama kwenye kona ya mtaa dakika kumi bila simu sikioni, utaulizwa unamsubiri nani. Ukiwa na miguu mitatu, maswali yanakuwa mengi zaidi lakini angalau yanahusu kifaa. "Dada, kibali unacho?" Naliheshimu swali hilo penye Ikulu, bandari au kambi ya jeshi, hakuna mwandishi wa habari asiyejua kwamba huko ni kujitafutia. Lakini nimeulizwa mbele ya mti wa mkwaju. Siku hiyo hiyo, hatua kumi kutoka kwangu, kijana wa Kizungu mwenye pensi na tripodi kubwa kuliko yangu alikuwa anapiga picha zake kwa utulivu, na mlinzi alimpungia mkono. Nilipouliza mbona yule hakuulizwa, nikaambiwa: "Yule mtalii, wewe uko kazini."

Nilikasirika, kisha nikaona kwamba mlinzi alikuwa amesema jambo la maana bila kukusudia. Simu mkononi ni matembezi. Miguu mitatu ni kazi, na kazi inahitaji mahali, na mahali mjini pana mwenyewe. Si Dar peke yake. Kanuni za treni za chini ya ardhi za New York zinakuruhusu kupiga picha, lakini si kwa taa wala tripodi. Mwaka 2007 jiji hilo lilitoa rasimu ambayo ingewataka watu watano au zaidi wanaotumia tripodi kwa zaidi ya dakika 10, kuifunga na kuifungua kukiwemo, watafute kibali na bima ya dola milioni 1. Wapiga picha wakapiga kelele mpaka ikaandikwa upya. Kilichobaki kina busara: tripodi si kosa, kosa ni kuigeuza njia ya watu wote kuwa yako.

Kwetu sisi swali hilo lina sura nyingine. Mwishoni mwa 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na kwa muda ile karatasi ngumu ikawa ndiyo haki ya kusimama. Mwaka 2021 wamachinga wakaondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa kwenye maeneo waliyopangiwa. Kuna waliosema jiji limepumua. Kuna waliopoteza wateja wao wote, kwa sababu mteja wa machinga ni mpita njia, na alikopelekwa hakuna anayepita. Kwa hiyo nikipewa kazi ya kuonyesha jiji "safi", najua neno hilo limeshafanya kazi gani nje ya kompyuta. Mzee wa kiwi alinusurika, yeye mwenyewe anasema, kwa sababu hata wakubwa wana vumbi kwenye viatu.

Na bado sijasema linalonifanya nitulie kila ninapokaza zile skrubu. Kwa macho ya watu wengi wa Dar, kifaa chenye miguu mitatu kilichosimamishwa kando ya barabara si cha picha. Ni cha mpima ardhi. Na anapotokea mpima, baada yake huja rangi nyekundu, alama ya X ukutani, kisha katapila. Waulize watu wa Kimara, mwaka 2017, nyumba zilipovunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Siku moja nilikuwa Manzese jioni, natafuta pembe ya kupata taa za mabasi chini ya daraja la waenda kwa miguu. Akatoka mama mmoja na kanga yake, hakuja na hasira, alikuja taratibu akasimama pembeni yangu.

"Mwanangu, mnapima tena?"

"Shikamoo mama. Hapana, napiga picha tu."

"Marahaba. Picha ya nini?"

"Ya barabara, usiku unapoingia."

Akaangalia kifaa, akaangalia mguu wake wa mbele uliokuwa umegusa ukingo wa baraza yake. "Hebu niione." Nikamwonyesha kwenye kioo. Akaita wajukuu. Nilipoteza mwanga wote wa jioni ile, na ikawa sawa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba heshima ya mpiga picha ni kutoonekana. Ipo shule nzima ya kusifia kamera ndogo, hatua nyepesi, kumshika mtu kabla hajajua. Picha kubwa zimepatikana hivyo, sibishi. Lakini yule mama angepigwa na simu akiwa mlangoni kwake na asingejua mpaka kesho, au milele. Miguu mitatu ilimpa muda wa kuogopa, kuuliza, na kukataa kama angetaka. Huwezi kumwibia mtu kwa kifaa kinachochukua dakika tatu kukifungua. Wepesi una adabu yake mbaya, na uzito wa stendi, pamoja na usumbufu wake wote, unakulazimisha useme shikamoo kwanza.

Ila shikamoo haitoshi, na aliyenifundisha ni mzee wa kiwi mwenyewe. Nilimpelekea picha yake, nimeisafisha studio, saizi ya karatasi ya A4. Nilidhani namletea heshima: mzee, mwavuli, sanduku, askari wa shaba nyuma, mtaa wote umewanyamazia. Akaifuta mikono kwenye kitambaa ndipo akaipokea. Akaitazama sana.

"Na watu wako wapi?"

Nikaanza kueleza mambo ya nukta na kura. Akanisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesikiliza wateja kutwa, halafu akasema: "Sasa binti yangu, umenipiga kama sina biashara. Mtu akiona hii si atasema huyu mzee amekaa tu?"

Alikuwa sahihi, na alikuwa ameungana na rafiki yangu bila kumjua. Mpiga kiwi wa Paris tunamwona kwa sababu alikuwa na mteja. Wa kwangu nilimbakiza, nikaondoa wote waliompa sababu ya kukaa pale. Anayekaa mjini anakaa kwa ajili ya wanaopita. Ukiwatoa hao, hujamheshimu aliyebaki, umemfanya ombaomba.

Kuna Mrusi mmoja, Alexey Titarenko, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990, hali ilipokuwa ngumu Saint Petersburg, aliweka tripodi mbele ya kituo cha treni ya chini na kuacha lenzi wazi muda wa kutosha kuwayeyusha watu, lakini usiotosha kuwafuta. Umati unapanda ngazi kama moshi mzito. Hapa na pale unaona mkono umeshika reli, kwa sababu mkono ulitulia kidogo. Kwa muda mrefu niliziona picha hizo kama za majonzi. Siku hizi naziona kama suala la hesabu tu, la kuchagua sekunde. Dakika nne zinafuta jiji. Sehemu ya mia moja ya sekunde inaligandisha kila mtu kwenye pozi ambalo hakulichagua. Katikati yake kuna sekunde moja, mbili, ambamo anayekaa anakaa na anayepita anaonekana kwamba anapita.

Nilirudi Posta na kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi, kile kinachofanya kazi kama miwani ya jua ili sekunde moja iwezekane mchana. Safari hii niliweka stendi ndani ya kivuli cha mwavuli wake, kwa ruhusa yake, nisizibe njia. Mlinzi wa benki alikuja kuuliza kibali, mzee akamjibu yeye: "Huyu yuko kwangu." Nikapiga kama arobaini. Nikamwonyesha zote pale pale kwenye kioo cha kamera, wateja wakisubiri na mguu mmoja juu ya sanduku.

Mimi nilipenda moja ambayo uso wake umetulia, macho yametazama juu. Yeye akaipita. Akachagua ile yenye buti la mteja linang'aa, limeonekana hadi uzi wa kushonea, na nyuma ya buti watu wa Mtaa wa Samora wamekuwa mistari ya rangi. Yeye mwenyewe humo ni ukungu kuanzia mabegani, brashi haionekani kabisa.

"Hapo," akasema, "ndiyo niko kazini."

Kisha akaniuliza hiyo nayo nitaiuza shilingi ngapi, na yake ni ngapi humo. Bado tunaelewana bei.